Breki ya Novemba

Nilihama nyumba miaka saba iliyopita.
Mkono wangu haujahama.
Kila nikiingia gizani unapapasa ukuta wa kushoto,
unatafuta swichi iliyobaki mtaa mwingine
ikiwawashia taa watu nisiowajua.
Nausubiri umalize. Ndipo nauelekeza kulia,
kama mtu anayemwonyesha mgeni choo.

Kwa hiyo sikumcheka Bogumił,
dereva wa tramu ya alfajiri hapa Łódź,
aliyepiga kengele kwenye kona ya kiwanda cha pamba
kuwaonya wasichana wa zamu ya kwanza wasivuke.
Kiwanda kilikwisha fungwa. Wasichana wale ni mabibi,
na wengine wamelala pasipo na barabara ya kuvuka.
Kidole gumba chake hakijaletewa habari.
Ting, ting, kwa kona tupu,
na njiwa wa pale, kwa mazoea, hata kuruka hawaruki.

Tabia ni ngozi, husemwa.
Mimi naiona ni reli:
uliyemo ndani huioni, unaona madirisha yakipita
ukadhani ni wewe unayechagua njia.

Basi siku moja ya Novemba, ukungu mzito kama uji,
katikati ya kituo na kituo,
Bogumił akakanyaga breki.

Tulitupwa mbele sote. Chupa ya maziwa ya mtu
ikabingirika hadi mlangoni.
Hapakuwa na mtoto. Hapakuwa na mbwa, wala taa nyekundu.
Akafungua milango, baridi ikapanda bila tiketi,
naye akakaa, mikono magotini,
anatazama ukuta wa matofali.

"Kuna nini?" akafoka Kunegunda wa soko la samaki.
"Sijui," akasema. "Mguu umetaka."

Mguu umetaka!
Miaka thelathini na mmoja umekuwa mtumishi,
leo umetoa amri.
Niliichambua amri ile mpaka kazini:
ni huzuni? deni? damu iliyopanda kichwani?
Tunapenda kila tendo liwe na baba.
Tendo yatima tunalikamata shati,
tunalipeleka mbele ya akili likahojiwe,
na akili, kwa aibu ya kutojua,
inajitungia ushahidi.

Kesho yake akasimama tena, pale pale.
Nilimtazama usoni: safari hii mguu haukutaka,
ulikumbuka tu.
Na keshokutwa.

Theluji ya Januari ilipokuja, palikuwa na mtu anangoja,
kikongwe mwenye fimbo, nyumba yake hatua ishirini.
Februari, wanne. Mmoja akaleta kiti kibovu cha jikoni.
Barafu ilipoyeyuka, manispaa wakachimba shimo,
wakasimika nguzo, wakabandika ratiba:
saa kumi na moja na dakika arobaini na mbili.
Kile kilichomponyoka mtu kama chafya
sasa kina dakika zake,
na kikichelewa watu wanalalamika.

Ndipo nikaifikiria kengele.
Huenda siku ya kwanza haikuwa onyo hata kidogo.
Huenda alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu,
na katika kundi lile la wasichana
alikuwamo mmoja mwenye skafu ya manjano,
kidole kikaruka chenyewe.
Sikuwahi kumuuliza. Angeniambia "sijui,"
na angekuwa mkweli kuliko mimi ninayeandika haya.

Amestaafu mwezi uliopita.
Dereva mpya, Ewelina, ni mtu wa ratiba.
Kwenye nguzo anasimama, kwa sababu ipo nguzo.
Kwenye kona hapigi kengele: apige kwa nini?

Siku yake ya kwanza tulipita pale kimya,
na njiwa wote
wakaruka.